Miji ya Kale Iliyolala Chini ya Mikarafuu ya Pemba

Mtu akitaja safari ya kwenda kutazama mji wa kale, fikra za wengi wetu huvuka bahari papo hapo. Huenda Roma, huenda Athens, au huenda Lisbon penye Mnara wa Belém, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kulinda mlango wa mto Tagus. Huko mgeni hutembea na ramani mkononi, kila ukuta una kibao kinachoeleza ulijengwa na nani na lini, na mtoto wa shule huyajua majina ya wajenzi kama ayajuavyo majina ya babu zake. Ni jambo jema, wala hatuwaonei wivu wenyewe. Lakini yafaa tujiulize: wakati mawe ya Belém yanapangwa, sisi wa pwani hii tulikuwa wapi na tulikuwa tukijenga nini?

Jawabu mojawapo limo katika kisiwa cha Pemba. Wakati huo, mahali paitwapo Pujini, ngome yenye handaki na kuta ilikwisha simama tangu karne ya 15. Katika ncha ya Ras Mkumbuu msikiti wa mawe ulikwisha jengwa na kuswaliwa na vizazi vingi. Kwa hiyo tofauti baina ya miji ile ya Ulaya na hii yetu si umri. Ile imetunzwa, imeandikwa na inatembelewa. Hii yetu imeachiwa mizizi ya miti, mawimbi ya bahari na watu wenye haja ya mawe.

Makala haya ni ya mfanyakazi wa mjini mwenye siku chache za likizo, mke au mume, na watoto wawili watatu wanaouliza maswali. Safari ya kuizunguka miji ya kale ya Pemba haihitaji pasipoti wala fedha za kigeni. Inahitaji nauli, viatu madhubuti na subira.

KUVUKA BAHARI

Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini mashariki ya Unguja, na mkondo wenye kina kirefu huitenga na bara. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 67, na mahali palipo papana zaidi hapapiti sana kilomita 22. Waarabu wa zamani waliiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na aliyepata kukiona kisiwa hicho kutoka melini alfajiri hahitaji kuelezwa sababu.

Wasafiri wengi huteremka bandari ya Mkoani, kusini ya kisiwa. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970, safari hiyo ilikuwa kazi ya meli ya MV Mapinduzi. Mwisho wa mwaka 2015 serikali ikapokea Mapinduzi II, na kampuni za watu binafsi nazo zina vyombo vyao. Mwenye haraka hupanda ndege ndogo hadi uwanja ulio karibu na Chake Chake.

Bahari hiyo haina budi kuheshimiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikiwa njiani kwenda Pemba na imebeba watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na wengine wengi hawakuonekana tena. Ni vigumu kukuta kijiji cha Pemba ambacho msiba ule haukukigusa. Basi mzazi na achague chombo kisichojazwa, na kabla hajakaa kitini ajue makoti ya kuokolea maisha yamewekwa wapi.

CHAKE CHAKE, KITOVU CHA SAFARI

Kutoka Mkoani, gari za abiria hupanda na kuteremka vilima kwa kiasi cha kilomita 30 hadi Chake Chake. Mgeni aliyezoea tambarare za Unguja atashangaa. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde: juu mikarafuu, chini mpunga, na katikati yake nyumba za makuti na za mabati zikichungulia. Wakati wa uchumaji, karafuu huanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na harufu yake huingia garini kabla ya abiria mwenyewe kuteremka.

Karafuu hizo nazo zina historia yake. Zilienezwa katika visiwa hivi katika utawala wa Seyyid Said, na mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ilisalimika kwa wingi. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba kubwa la karafuu la Zanzibar. Anayetaka kuwaonyesha watoto jinsi hata vikonyo visivyotupwa, na aulizie Wawi, jirani na Chake, penye kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo.

Chake Chake ni mji mdogo uliojengwa juu ya mgongo wa kilima, ukitazama hori ambalo hapo kale majahazi yaliingia hadi karibu na soko. Leo hori limejaa tope na mikoko, na vyombo vikubwa hutia nanga Wesha. Tembea polepole katika barabara kuu ya mji wa zamani, pita sokoni, kisha ulizia ngome. Imejengwa mahali panapolitazama hori, na ingawa sehemu yake ilibomolewa zamani kupisha hospitali, iliyobaki imefanywa makumbusho. Anza hapo. Katika vyumba vyake vichache familia itapata picha ya kisiwa kizima, na mtoto aliyeviona vigae na fedha za kale ndani ya kabati la kioo ataitambua ardhi ilikotoka atakapoikanyaga.

Chake pia ndipo gari zote zinapokutana. Kwa desturi gari za Pemba hujulikana kwa namba: 603 huenda Mkoani, 606 huenda Wete, na 602 huelekea Konde, kaskazini. Mwambie utingo mapema mahali unapotaka kushuka, naye pamoja na abiria wenzako watahakikisha hupitilizi. Gari za asubuhi ni nyingi kuliko za jioni. Anayengoja mpaka jua lipunge aweza kulala ugenini bila kukusudia.

PUJINI NA HADITHI YA MKAME NDUME

Kiasi cha kilomita 10 kusini mashariki ya Chake ndiko kwenye Pujini. Gari za abiria hazifiki mlangoni, kwa hiyo wengi huenda kwa teksi, kwa baiskeli ya kukodi, au kwa miguu wakikata mashamba. Utakachokiona kwanza si majumba, bali matuta ya udongo yaliyofunikwa na majani na handaki lililofukiwa nusu. Hiyo ndiyo ngome ya Mkame Ndume.

Kukama ni kumkamua ng'ombe maziwa, na jina hilo maana yake ni mkamua wanaume. Masimulizi ya Pemba yanaeleza kwamba aliwatesa raia zake kwa kazi, hata akawalazimisha kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Wasimulizi husema pia kwamba alichimba mfereji ili vyombo vyake viingie kutoka baharini. Kipo kisima ambacho, kwa mujibu wa hadithi, kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane: mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, na wa pili aliteremka kwa ngazi. Chini ya ardhi kipo chumba kilichonakshiwa kwa chokaa, na miongoni mwa nakshi zake imo sura ya siwa, ile baragumu ya enzi ambayo katika pwani yetu haikupulizwa isipokuwa kwa mwenye mamlaka.

Mtaalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette alianza kupachunguza Pujini katika miaka ya 1980. Uchunguzi ulithibitisha kwamba hapakuwa pa ngano tupu: watu waliishi humo katika karne ya 15 na ya 16, na vyombo vyao vya kulia vilitoka nchi za mbali. Waeleze watoto yote mawili, hadithi na uchunguzi. Hadithi inatuambia watu waliuonaje utawala ule, na uchunguzi unatuambia ulikuwa wa lini na ulikula katika vyombo gani.

RAS MKUMBUU

Magharibi ya Chake, rasi nyembamba huingia baharini kama kidole. Njia ya nchi kavu hupitia Ndagoni na humalizikia kwa miguu. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea mashua. Atakayekwenda kwa mashua na apatane nauli kabla ya kupanda, na amwachie nahodha achague saa. Yeye ndiye ajuaye maji yanajaa lini na yanakupwa lini, na mashua iliyokaa juu ya mchanga haina haraka na mtu.

Huko nchani utakuta msikiti mkubwa usio na paa, kibla chake kingali kikielekea kaskazini, na makaburi yenye nguzo za mawe. Makaburi ya namna hiyo yako katika pwani yote ya Waswahili, na zamani yalipambwa kwa sahani na bakuli za Uchina zilizopachikwa katika chokaa. James Kirkman alichimba hapa katika miaka ya 1950. Wapo wataalamu wanaopafananisha mahali hapa na Qanbalu, mji uliotajwa na Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyesafiri kutoka huko kwenda Oman mwaka 916. Wengine hawakubaliani nao, na mjadala haujafungwa. Lakini hata asiyejua lolote kuhusu Qanbalu, akisimama mahali palipokuwa na mihrabu na kuitazama bahari, atafahamu kwa nini watu walichagua kuishi pale: upepo, samaki, na njia ya vyombo mbele ya macho yao.

TUMBE NA CHWAKA

Siku ya tatu panda gari ya Konde, ushuke upande wa Chwaka na Tumbe, kaskazini mashariki ya kisiwa. Hapa pana somo kubwa kuliko yote, ingawa kwa macho ndipo penye machache zaidi ya kuona.

Chwaka, ambapo wengi hupaita Haruni, kuna magofu ya msikiti na kaburi linalonasibishwa na Harun, ambaye masimulizi humtaja kuwa mwana wa Mkame Ndume. Karibu yake uko Msikiti Chooko. Wenyeji husimulia kwamba ulipojengwa, chooko zilichanganywa na chokaa ili kuta zishikamane. Katika eneo hilo hilo yamo mabaki ya zama za Mazrui, waliokitawala kisiwa kutoka Mombasa katika karne ya 18.

Lakini jirani, chini ya mashamba ya Tumbe, upo mji mkongwe zaidi usio na ukuta hata mmoja. Mwanzoni mwa karne hii ya 21, LaViolette na mwenzake Jeffrey Fleisher walichimba hapo wakakuta mji mkubwa wa karne ya 7 hadi ya 10, ambao nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Watu wake walitengeneza shanga kwa makombe, na vyombo vyao vya udongo vilichanganyika na mitungi iliyoletwa na biashara ya Ghuba ya Uajemi. Mji ule ulihamwa, na baada yake, tangu karne ya 11, ukainuka Chwaka.

Jambo hili lina uzito. Waandishi wengi wa zama za ukoloni waliizungumza miji ya mawe ya pwani kana kwamba yote ililetwa na wageni ikiwa tayari, kama shehena ya jahazi. Tumbe inajibu kwa utulivu kwamba mji ulitangulia mawe. Walikuwapo watu wa hapa hapa, wakulima, wavuvi na mafundi wa shanga, waliojenga kwa udongo kwanza, wakafanya biashara na dunia, wakasilimu, kisha wajukuu wao wakajenga kwa mawe. Wageni walikuja, wakaoa na wakakaa, lakini walibisha hodi katika mji ambao tayari ulikuwa na wenyewe.

WETE NA MTAMBWE

Wete, mji wa bandari upande wa kaskazini magharibi, ni mahali pazuri pa kumalizia. Una barabara pana, miti ya kivuli na mwendo wa polepole. Ng'ambo ya maji yake iko Mtambwe Mkuu. Hapo mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, zilizozikwa mahali pamoja. Sarafu zile za fedha, ndogo na nyembamba, zilikuwa na majina ya watawala wa pwani hii, mmoja wao Ali bin al-Hasan. Ndugu msomaji, mji unaopiga fedha zake kwa jina la mtawala wake si kituo cha kupumzikia cha wasafiri. Ni mji wenye soko, sheria na watu wanaoaminiana.

ADABU YA MTEMBEZI

Magofu ya Pemba hayako jangwani. Yamo katikati ya mashamba ya watu, na baadhi ya makaburi bado yanazuriwa. Kwa hiyo fika kwanza kwa sheha wa mahali, toa salamu, eleza haja yako. Shikamoo hailipiwi, nayo hufungua njia kuliko noti. Mara nyingi atatafutwa mzee au kijana wa kukuongoza. Mtakapoagana mpe ahsante yake bila kungoja aombe. Vaeni nguo za stara. Msipande juu ya kuta, maana chokaa ya miaka mia sita haichukui uzito wa mtoto mmoja, seuze wa familia nzima.

Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa kuwa njia za udongo hugeuka utelezi. Mkienda wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Februari, huenda mkabahatika kuuona mchezo wa ng'ombe, ambao huaminiwa kuwa ni athari ya Wareno. Wapemba wameufanya wao, na ng'ombe hauawi. Kuhusu chakula hakuna wasiwasi: pweza, samaki wa kukaanga, muhogo wa nazi, halua na kahawa, na kwa msimu wake shokishoki na doriani, tunda ambalo harufu yake huigawa familia pande mbili.

NANI MWENYE MAWE HAYA?

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza. Serikali iliweka sheria ya kuyalinda magofu ya Zanzibar tangu mwaka 1927, na ipo idara ya makumbusho na mambo ya kale yenye wajibu huo. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nao hupata wageni wengi. Miji ya Pemba haina umaarufu huo. Na sheria haiwezi kusimama usiku na mchana penye kila ukuta.

Mizizi hupasua. Mawimbi hula ufuo, na kaburi lililokuwa mbali na maji huyasogelea mwaka hata mwaka. Na mtu anayejenga kijumba chake hayaoni magofu kama historia. Anaona matumbawe yaliyokwisha chongwa, yasiyolipiwa, yaliyo karibu. Tusimlaumu kwa haraka. Hajapata kumwona mtu aliyetoka mbali kwa ajili ya mawe yale, amsikie akiuliza jina la aliyeyapanga. Kitu kisichoulizwa na mtu huonekana hakina mwenyewe.

Hapo ndipo familia ya mfanyakazi inapoweza kusaidia kuliko inavyodhani. Nauli yake humfikia dereva, mwenye mashua, mama muuza chai na kijana mwongozaji. Maswali ya watoto wake humfanya mzee wa kijiji akumbuke alichosimuliwa na bibi yake, na hukumbusha kwamba alichokibeba kichwani hakijaandikwa popote. Chukueni daftari. Mtoto na aandike jina la mahali, hadithi aliyopewa na aliyempa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili haiwezi kushikwa na mtu asiyejua iko wapi na hupandwa gari gani kuifikia.

Na litakuwapo jaribu moja. Katika njia za Chwaka au Ras Mkumbuu mtoto atainama na kuokota kipande cha sahani, cheupe chenye ua la samawati, au cha kijani kinachong'aa. Atataka kukitia mfukoni akawaonyeshe wenzake shuleni. Mwache akitazame, akipanguse vumbi, achore sura yake katika daftari. Kisha mweleze kwamba wataalamu huujua umri wa ukuta kwa vigae vilivyolala pembeni na chini yake. Kigae kilichohamishwa ni kama shahidi aliyetolewa mahakamani kabla hajasema neno. Halafu akirudishe pale pale alipokiokota.